Gari la Mbao: Kazi ya Mikono kwa Mzazi na Mtoto Wakati wa Likizo

Shule zinapofungwa, wazazi wengi hujiuliza watoto watafanya nini nyumbani kando na kutazama runinga. Kazi moja isiyohitaji pesa nyingi ni kutengeneza gari dogo la mbao la kushindanisha mteremkoni. Gari hili halina injini wala betri. Huteremka kwa uzito wake lenyewe.

Mashindano ya aina hii yalianza California, Marekani, mwaka wa 1953. Don Murphy, kiongozi wa skauti, aliyaanzisha kwa kuwa mwanawe wa miaka 10 alikuwa mdogo mno kuingia katika mashindano ya magari makubwa ambayo watoto huyapanda. Nchini Kenya, watoto wamezoea kutengeneza magari ya waya na mikebe, hivyo kazi hii si ngeni.

Vifaa

• Kipande cha mbao laini chenye urefu wa sentimita 18, upana wa 4.5 na unene wa 3. Mabaki hupatikana kwa maseremala wa jua kali.
• Vifuniko vinne vya chupa za plastiki vinavyotoshana.
• Misumari minne iliyonyooka, msasa, penseli na rula.

Hatua za kufuata

1. Mtoto achore umbo la gari kwenye ubao.
2. Mzazi akate kwa msumeno, kisha amwachie mtoto alainishe kwa msasa.
3. Mtoto apime na kutia alama mahali pa magurudumu. Alama za upande mmoja zilingane na za upande wa pili.
4. Mzazi atoboe kila kifuniko katikati kabisa. Tundu liwe pana kidogo kuliko msumari.
5. Msumari upitishwe kwenye kifuniko na kupigiliwa ubaoni, lakini usizamishwe wote. Gurudumu liachiwe nafasi ya kuzunguka.

Kwa nini gari moja hushinda jingine

Sababu kubwa ni msuguano. Gurudumu linalokwaruza ubao, au msumari uliopinda, hupunguza kasi. Gari ligeuzwe juu chini na kila gurudumu lizungushwe kwa kidole. Linalosimama upesi lirekebishwe. Unga mweusi unaopatikana kwa kusugua ncha ya penseli kwenye msasa hulainisha msumari. Mafuta ya kupikia hayafai kwa kuwa hunasa vumbi.

Sababu ya pili ni uzito. Sarafu au nati zikibandikwa sehemu ya nyuma, uzito huo huanzia juu zaidi mteremkoni na kulipa gari nguvu zaidi. Ili ushindani uwe wa haki, washiriki wakubaliane kiwango cha juu cha uzito. Maskauti wa Marekani hutumia takriban gramu 142.

Kazi ni ya mtoto

Mzazi hushawishika kumalizia kazi yote mwenyewe ili gari lipendeze. Hapo mtoto hupata gari lakini hukosa ujuzi. Mtaala wa Umilisi unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto, si kuwafanyia kazi zao. Gari likienda upande, mzazi amuulize mtoto anadhani ni kwa nini, kisha ampe nafasi ya kulirekebisha na kulijaribu tena.

Usalama

Msumeno na vifaa vya kutoboa vishikwe na mtu mzima. Njia ya mashindano iwe ubao mrefu ulioegemezwa kwenye kiti, uani au uwanjani. Watoto wasishindanie barabarani, wala wasipande mikokoteni kuteremka kwenye lami. Dereva anayepanda mlima huenda asiwaone kwa wakati.

Mtoto atakayeipenda kazi hii ana mahali pa kuiendeleza. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na useremala ni miongoni mwa kazi zinazofundishwa humo.