Oksimita

Oksimita (pia: kipima oksijeni) ni kifaa kidogo kinachovalishwa kidoleni ili kupima kiwango cha oksijeni katika damu na kasi ya mapigo ya moyo bila kutoboa ngozi. Kihisio cha aina hiyo kimo pia katika baadhi ya saa za mkononi.

Historia

Kanuni yake iligunduliwa na mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden nchini Japani, aliyeitangaza mwaka 1974. Tangu miaka ya 1980 oksimita ilienea katika vyumba vya upasuaji. Wakati wa janga la UVIKO-19 watu wengi walianza kuitumia nyumbani.

Namna inavyofanya kazi

Upande mmoja una taa mbili, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya infraredi. Upande wa pili hupokea mwanga uliopita kidoleni. Hemoglobini yenye oksijeni hufyonza zaidi infraredi. Isiyo na oksijeni hufyonza zaidi mwanga mwekundu. Kifaa hulinganisha mianga hiyo kwa kila pigo la moyo na kuonyesha asilimia. Kwa kawaida mtu mwenye afya huwa na 95 hadi 100. Chini ya 90 ni hatari.

Matumizi katika maeneo ya migodi

Mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ina migodi mikubwa ya dhahabu kama Bulyanhulu na Geita, pamoja na wachimbaji wadogo wengi, kwa mfano huko Nyarugusu na Rwamagasa. Wanaotoboa miamba ndani ya maduara (mashimo ya kuchimbia) na wanaosaga mawe kwenye karasha huvuta vumbi la silika. Vumbi hilo husababisha silikosisi na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Oksimita huweza kuonyesha kwamba mapafu yamedhoofika, hasa mgonjwa akipimwa baada ya kutembea. Hata hivyo silikosisi ikiwa bado changa haionekani, hivyo eksirei na kipimo cha makohozi bado vinahitajika.

Mipaka

Moshi wa injini na wa baruti ndani ya duara una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushika hemoglobini mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida haiwezi kuitofautisha na oksijeni. Mchimbaji aliyezimia anaweza kusomeka 98 huku mwili wake ukikosa oksijeni. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo hupewa oksijeni na kupelekwa hospitali bila kujali namba inayoonekana.

Vidole vya baridi na rangi ya kucha pia hupotosha kipimo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulihusu wagonjwa waliosomeka 92 hadi 96: kipimo cha damu kilionyesha chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, lakini kwa asilimia 3.6 tu ya weupe.