Mwaka 1972 una historia ngapi? Podikasti na makala darasani Nakivale

Ukiwauliza wanafunzi wa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kilichotokea mwaka 1972, jibu hutegemea walikotoka wazazi wao. Wa Burundi atataja mauaji yaliyoanza mwezi Aprili. Mwenye jamaa Mbarara atataja Septemba 17, siku ambayo Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliushambulia mji huo ili kumwondoa Idi Amin, wakashindwa.

Makazi haya ya wakimbizi, yaliyomo wilayani Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, yalianzishwa mwaka 1958 na mwanzoni yaliwapokea Watutsi kutoka Rwanda. Leo wapo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Hakuna kitabu kimoja cha kiada kinachoweza kubeba kumbukumbu hizo zote.

Hapo podikasti ina manufaa. Mwalimu anaweza kuipakua mara moja akiwa Mbarara, akaihifadhi katika simu, kisha darasa zima likaisikiliza kwa spika ndogo bila kununua bando. Ikiwa kwa Kiswahili, huwafikia Wakongo na Warundi wengi ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga.

Hata hivyo, sauti ina hila yake. Msimulizi akitetemeka, tunamwamini kabla ya kumpima, na tarehe hupita kama upepo. Makala humruhusu msomaji kurudi nyuma. Kwa hiyo wanafunzi wasikilize kwanza dakika kumi, waandike nini msimulizi alikiona mwenyewe na nini aliambiwa. Ndipo wasome makala ya tukio hilohilo na kupigia mstari mahali yanapotofautiana. Tofauti hizo ndizo somo lenyewe.

Chukua vita vya 1978 na 1979, vilivyoyaingiza majeshi ya Tanzania Mbarara mwezi Februari 1979. Watanzania huviita Vita vya Kagera. Waganda wengi huviita vita vya ukombozi. Mfasiri kama mimi anapolazimika kuchagua jina moja, tayari ameegemea upande. Mwalimu ana nafasi nzuri zaidi: anaweza kuyaandika yote mawili ubaoni na kuuliza nani alilitumia lipi, na kwa nini.

Ipo tahadhari moja kubwa. Simulizi ya mauaji inaweza kumgusa mtoto aliyefiwa. Mwalimu aisikilize yote peke yake kwanza, na asimlazimishe yeyote kusimulia ya kwao. Atakayetaka kusema atasema, pengine baada ya kipindi, wenzake wakishatoka.