Haraka za Mjini Zinavyokula Usingizi Wetu

Je, msomaji, leo uliamka saa ngapi? Na mtoto wako je? Ikiwa mnaishi Kitengela, Rongai au Githurai na shughuli zenu ziko katikati ya Nairobi, yamkini jibu ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Basi la shule humchukua mtoto kungali na giza, nawe hukimbilia matatu kabla nauli haijapanda na barabara haijafungana. Jioni ni safari ile ile. Unafika nyumbani saa mbili usiku, chakula hakijapikwa, na mtoto anakungoja na madaftari yake.

Hebu tufanye hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji kulala kwa saa 9 hadi 12 kila usiku. Kijana wa shule ya upili huhitaji saa 8 hadi 10, na mtu mzima zisizopungua 7. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri amelala saa 6 na nusu tu. Kila usiku anapungukiwa na saa 2 na nusu kwa uchache, na kufikia Ijumaa deni limepita saa 12. Mwalimu humwona mzembe. Mzazi naye, kwa nia njema, humtafutia tuisheni ya jioni! Ubongo huhifadhi masomo ya mchana wakati mtu amelala, kwa hivyo mzazi huyo analipa pesa ili mtoto asahau zaidi.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema kwamba masomo katika shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mzazi ana haki ya kuuliza katika mkutano wa shule kwa nini mtoto wake anatakiwa darasani alfajiri.

Sasa tuje kwa mtu mzima. Mwili unapohisi hatari, hutoa kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, presha hupanda, sukari humiminwa katika damu. Hilo ni jambo jema ukikutana na nyati. Lakini mtu anayeanza siku kwa kugombania kiti, akafokewa na mkubwa wake kwa kuchelewa, kisha akapigiwa simu kuhusu karo na kodi ya nyumba, hukaa katika hali hiyo kutwa. Matokeo yake ni kichwa kuuma, shingo kukaza, moyo kwenda mbio, hasira za karibu, kupoteza hamu ya ndoa, na kushtuka usiku wa manane. Wengi hunijia wakitaka wapimwe malaria na taifodi. Majibu yakitoka kwamba hawana ugonjwa huo, huondoka wakinung'unika.

Kuna imani kwamba mawazo mengi ndiyo huleta vidonda vya tumbo. Si hivyo hasa. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walituzwa Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria inayoishi tumboni. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni. Hapa ndipo haraka za mjini huingia kwa mlango wa nyuma: mtu hana wakati wa kunywa chai, kichwa kinamgonga, ananunua vidonge kioski na kuvimeza kila siku. Baada ya miezi kadhaa tumbo linamwaka.

Wala usijitibu kwa pombe. Huleta usingizi upesi, lakini usingizi wenyewe huwa wa kukatikakatika. Miraa, nayo, inamkopesha dereva wa usiku saa ambazo lazima azilipe kesho.

Mama anayefanya kazi ndiye anayeumia zaidi, kwani aghalabu huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Wanaume wenzangu, kumwamsha mtoto na kumpigia viatu rangi hakuhitaji digrii. Mkigawana alfajiri kwa zamu, kila mmoja atapata asubuhi mbili au tatu za kulala kidogo zaidi katika wiki.

Na likizo? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili. Nawajua watu ambao hujivunia kutozichukua.

Pima presha hata kama hujisikii vibaya. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hilo si suala la uchovu tena, bali la matibabu. Kifua kikibana na maumivu yakaenea mkononi au kwenye taya, nenda hospitali saa iyo hiyo. Mawazo ya kujiua yakikujia, mwambie mtu siku hiyo hiyo, akusindikize kwa daktari. Ni hali inayotibika.

Kwa mengine, unapokuja kliniki, leta karatasi yenye saa ulizolala na kuamka kwa wiki moja, pamoja na majina ya vidonge vyote ulivyonunua dukani.