config.h ziko mbili: edita inakuonyesha ipi?

Mwambie konda "nishushe Mikumi", naye anaweza kukuuliza: mjini au kwenye geti la hifadhi? Jina moja, sehemu mbili. Kompaila ya C haiulizi.

Chukulia mradi wa kupima kina cha Mto Mkondoa pale Kilosa, mji uliokumbwa na mafuriko makubwa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Folda ya kituo ina config.h yenye kiwango cha hatari sentimita 300. Folda ya majaribio nayo ina config.h yake, yenye 500. Ukiandika #include "config.h", GCC inaanza kutafuta kwenye folda ya faili yenye mstari huo, halafu kwenye folda za -I, kwa mpangilio ulioziandika. Inayoonekana kwanza ndiyo inachukuliwa, bila onyo.

Sasa, edita nayo inatafuta kivyake. VS Code, kwa mfano, inaweza kufuata includePath uliyojaza kwenye c_cpp_properties.json. Mpangilio wake ukitofautiana na wa kompaila, wewe utaona 300, kumbe mashine imebeba 500. Maji yatapanda, king'ora kitachelewa, na kwenye edita hakuna mstari mwekundu hata mmoja.

Dawa ipo. Ielekeze edita kwenye compile_commands.json, ambayo CMake inaweza kukutengenezea, ili zote mbili zifuate njia moja. Kisha taja folda kabisa: #include "kituo/config.h". Ukiwa na shaka, endesha gcc -H. Itakuorodheshea kila heda iliyotumika na ilikotoka.