Mgonjwa wa Misuli Anapokosa Nguvu ya Kupumua

Mtu anapohema kwa shida, wakazi wengi wa Kashai huwaza mtungi wa oksijeni. Kwa mwenye maradhi ya kudhoofisha misuli, kama ugonjwa wa Duchenne unaowapata zaidi watoto wa kiume, mtungi huo peke yake unaweza kuleta madhara. Mara nyingi mapafu yake ni mazima. Kilichochoka ni misuli inayoyatanua. Hewa ukaa hushindwa kutoka, ikarundikana katika damu, na oksijeni haiiondoi. Huweza hata kuificha hatari hiyo hadi mgonjwa apoteze fahamu.

Dalili huanza usiku, kimyakimya: usingizi wa kukatikakatika, kuumwa kichwa asubuhi, kusinzia darasani, kikohozi kisicho na nguvu. Ni rahisi kuzidhania uchovu tu.

Kinachohitajika ni kusukumiwa hewa, kwa mashine yenye barakoa inayovaliwa wakati wa kulala. Umeme ukikatika, mfuko maalumu wa kubinya kwa mkono huweza kushika nafasi yake kwa muda. Mwaka 1952, polio ilipolipuka mjini Copenhagen, wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana kubinya mifuko ya namna hiyo, na wagonjwa wengi wakanusurika. Ndugu wa mgonjwa wafundishwe mapema na mhudumu wa afya namna ya kuubinya.

Mwenye dalili hizo aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na ikibidi Bugando, Mwanza. Huko kote, ugonjwa wa misuli utajwe kwa mhudumu kabla mgonjwa hajawekewa oksijeni.