Kapu la Shela: Kipi Kibebwe Kutoka Mbaraki, Kipi Kinunuliwe Lamu

Usiku wa kuamkia safari, sebule yetu hapa Mbaraki, Mombasa, ilikuwa kama mojawapo ya maghala ya njia ya gatini. Mchele kilo 10, unga wa ngano pakiti nne za kilo mbili mbili, sukari kilo 4, mafuta ya kupikia lita 5, pojo na mbaazi kilo 4, katoni ya maziwa, nazi kumi na mbili, na sanduku la barafu lenye kuku watano waliogandishwa. Tulikuwa watu sita na tumekodi nyumba Shela, Lamu, kwa siku tano. Mama mkubwa alishika neno moja tu: Lamu ni kisiwa, na kisiwani kila kitu ni ghali. Hakuna aliyembishia. Tulibeba vyote, karibu kilo 60.

Hesabu ya safari ile ninayo bado kwenye daftari. Tangu siku hiyo tumekwenda Shela mara mbili tena, mara moja bila kubeba chochote na mara moja na kapu dogo, na kila mara niliandika. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo asije mtu akamwonyesha muuza duka wa Lamu daftari langu. Kilichobaki vilevile mara zote tatu ni tofauti kati ya kubeba na kununua huko.

Tuanze na alichokisema mama mkubwa, kwa sababu alikuwa na haki yake. Ni kweli bidhaa za dukani Lamu zina bei ya juu kidogo kuliko Mombasa. Nyingi hutoka huku huku kwetu, zikapita Malindi, Garsen na Witu, zikashushwa Mokowe na kuvushwa kwa boti. Mara ile ya kwanza nilipitia maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, nikalinganisha. Mchele wetu ungenigharimu shilingi 20 zaidi kwa kilo, sukari hivyo hivyo. Unga ulizidi kwa 15 kila pakiti, maziwa kwa 10. Mafuta yalizidi kwa 30 kila lita, pojo na mbaazi kwa 25 kila kilo. Nikijumlisha vyote, tuliokoa shilingi 710 kwa kununua Mombasa.

Sasa njiani. Mizigo haikuenea kwenye tuktuk moja, tukakodi ya pili hadi Mwembe Tayari: 250. Makanga wa basi alidai 600 kwa mizigo ya ziada. Hamali wa Mokowe 250. Boti ya kuingia Lamu na ile ya kutoka Lamu kwenda Shela zilitoza 300 za mzigo kwa pamoja. Kijana aliyehamisha vitu gatini kutoka boti hadi boti, 150. Punda wa kutupandishia mpaka mlangoni, 250. Jumla shilingi 1,800, mbali na nauli zetu wenyewe.

Ukigawanya, kila kilo ilitugharimu shilingi 30 kuibeba, na vile vya dukani vilituokolea kama shilingi 19 kwa kilo. Mafuta peke yake ndiyo yaliyotoka sare. Kila kitu kingine tulikibeba kwa hasara.

Na hapo sijataja kuku. Basi huondoka alfajiri, na barabara ni zaidi ya kilomita 300. Tangu kipande cha Garsen hadi Lamu kitiwe lami safari imekuwa nyepesi mno, lakini vituo vya ukaguzi vipo, na unapofika Mokowe jua limeshakuwa kali. Sanduku letu lilipakiwa chini, upande wa injini. Tulipolifungua Shela barafu ilikuwa maji ya vuguvugu, na kuku wawili wa juu walikuwa wameanza kunuka. Nyama iliyokaa nje ya ubaridi kwa zaidi ya saa mbili haifai kubahatishwa, na kwenye joto letu la pwani hata saa moja ni nyingi. Tuliwatupa wote watano. Mama mkubwa hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Kosa letu lilikuwa kulinganisha bei ya duka na bei ya duka. Anayekwenda Lamu ahesabu mikono. Tuktuk, basi, hamali, boti, hamali, boti, punda: mzigo wetu ulipita mikono saba, na kila mkono una haki ya kulipwa, maana watu wale wanafanya kazi ngumu kwelikweli. Anayekwenda kwa ndege naye asidhani ameepuka. Uwanja uko Manda, ng'ambo ya mji, kwa hiyo boti iko pale pale, na ndege ndogo za njia hiyo huuhesabu mzigo kwa kilo.

Safari ya pili tulikwenda upande wa pili kabisa: mikono mitupu, kila kitu tutanunua huko. Fedha zilitosha na mgongo ulipumzika. Ila tulijifunza kwamba kuna vitu visivyo na mbadala. Maziwa ya kopo ya mtoto wa dada yangu, ya aina moja tu ambayo tumbo lake linaikubali, tuliyatafuta siku nzima duka kwa duka. Iliki tuliipata kwenye vijikaratasi vidogo vya rejareja, na ukipima kwa gramu bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya tunayolipa nyuma ya soko la Marikiti, Mombasa. Mchele wa biriani ulikuwapo, lakini si ule ambao mama mkubwa anaujua maji yake. Hilo la mwisho mtu anaweza kuliona dogo. Kwa aliyekwisha kuona biriani ya watu sita ikageuka bokoboko, si dogo.

Kutokana na safari hizo mbili nilipata kipimo ambacho nimekitumia tangu hapo. Kama kubeba kilo moja ni shilingi 30, basi kinachostahili kubebwa ni kile ambacho tofauti yake kwa kilo inapita 30 kwa mbali, au kile ambacho huko hakipatikani. Viungo vinapita kwa mamia ya shilingi: iliki, mdalasini, karafuu, uzile, pilipili manga. Vinunue vizima, kwa kupimiwa, kwenye maduka ya viungo ya Marikiti. Usichukue vijipakiti vya supamaketi, kwani hapo unalipia karatasi. Majani ya chai unayoyapenda ni mepesi, beba. Samli nusu kilo, achari, tende, kahawa, beba. Dawa za kila siku za wazee na za pumu zisikose, na zikae kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya basi.

Nazi acha. Nazi kumi na mbili zilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi, na Lamu ina minazi yake. Nyanya acha pia: zikifika Witu zimeshakuwa mchuzi. Vitunguu na viazi nimevigeuza mara nyingi kichwani. Vingi huko hutoka bara kupitia kwetu, na kwenye soko la Kongowea ni rahisi kwa dhahiri. Lakini familia ya siku tano inakula kilo tatu nne tu, na tofauti yake haifiki bei ya punda. Anayekwenda kukaa mwezi mzima, huyo afikirie gunia. Matunda usiyaguse kabisa. Mashamba ya Mpeketoni na Hindi yanailisha Lamu, na msimu wa ngowe ukifika, kumpelekea Mwamu embe ni kama kumuuzia mvuvi samaki.

Maji ni jambo la kuhesabu kwa makini kuliko yote, kwa sababu ndiyo mazito kuliko yote. Mtu mmoja kwenye joto lile hutaka lita tatu kwa siku za kunywa na za chai. Watu sita, siku tano: lita 90, yaani kilo 90. Hakuna mantiki ya kuzivusha. Nunua huko mitungi ya lita 20 inayorudishwa dukani na kujazwa tena. Ya kuoga na kufulia hutoka kwenye visima, na visima vile vinalishwa na mvua inayozama katika vilima vya mchanga nyuma ya Shela, ambavyo ndivyo ghala la maji ya kisiwa. Mgeni anayefungua bomba na kuliacha likimwagika anakunywa akiba ya mji.

Samaki ndio sababu ya kwenda bila sanduku la barafu. Kwenye kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, wavuvi hutoka kwa wingi, na asubuhi Shela hukawii kumsikia mtu mlangoni akiwa na nguru au changu waliotoka majini usiku ule ule. Bei tuliyolipa ilikuwa chini ya ya Mombasa kila mara, isipokuwa mara tuliyokwenda Julai. Wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua nyingi hazitoki, na samaki huadimika na kupanda. Anayesafiri miezi hiyo aongeze maharagwe, pojo na mayai kwenye hesabu yake, vyote vya kununua huko, na asiifunge bajeti kwa bei za Januari. Mkate pia usibebe. Mofa ya moto na mahamri ya alfajiri vipo, na ni bora kuliko mkate uliobanwa chini ya begi kwa saa nane.

Nyumba nyingi za kukodi Shela huja na mpishi, na hapa ndipo watu wengi wa Mombasa tunapopoteza fedha bila kujua. Mshahara wake uko ndani ya kodi, anaujua mji, na anapata samaki kwa bei ambayo mimi mgeni sitaipata hata nibembeleze vipi. Mara ya tatu nilimpigia simu wiki moja kabla. Aliniambia, "Dada, njoo na viungo vyako na mchele wenu. Mengine niachie, nitakuandikia kila siku." Kweli aliandika, hadi shilingi 20 za kotmiri. Kapu letu lilikuwa la kilo 8. Chakula cha siku tano kilitugharimu karibu robo chini ya safari ya kwanza, na hapo kuku waliotupwa sijawatia hesabuni.

Zipo nyumba zinazotoa chakula kamili kwa bei ya kichwa kwa siku. Kwa watu wawili bei hiyo inaweza kufaa. Kwa familia yenye watoto wanaokula nusu sahani, nimeikokotoa mara mbili na mara zote mbili nikaikataa.

Si kila kisiwa ni kama Lamu. Ukienda Wasini, hesabu inageuka. Kutoka Mbaraki hadi kivuko cha Likoni ni karibu, gari lako linakufikisha Shimoni, na kilichobaki ni kuvuka kidogo tu kwa boti. Mikono ni mitatu badala ya saba. Tena Wasini haina chemchemi, kwa miaka mingi imetegemea maji ya mvua yaliyokingwa, na maduka yake ni machache. Huko beba mchele, beba unga, na hasa beba maji ya kunywa. Samaki tu ndio uwaachie wenyeji.

Neno moja kuhusu mifuko. Ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017, na faini yake kwa sheria inafika shilingi milioni 4. Lakini hata vifungashio halali, makopo, katoni na pakiti za maziwa, vikishavuka maji havina pa kwenda. Kinachobaki jikoni kwako kinabebwa na punda hadi jaani, kwenye kisiwa kilichozungukwa na bahari ambayo wenyeji wanaitegemea kwa chakula. Kapu la ukili linatosha kwa kilo 8. Hamisha viungo kwenye vibuyu au mikebe ya nyumbani, na mikebe hiyo urudi nayo Mombasa.

Kwa hiyo ukikodi nyumba Shela, usianze na orodha ya sokoni. Mwombe mwenye nyumba namba ya mpishi, umpigie, umuulize kama gesi imo ndani ya kodi, kama friji inagandisha, na wiki hiyo bahari ikoje. Ukimaliza kuongea naye, ndipo utoe kapu.