Nani Analipwa, Nani Analipia

Mwishoni mwa Februari 2022, siku chache baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, kundi la wadukuzi liitwalo Conti lilitangaza kusimama na Moscow. Halikuchelewa kujuta. Mtu aliyekuwa upande wa Ukraine alimwaga mtandaoni mazungumzo ya ndani ya kundi hilo, na waliokaa kuyasoma wakakutana na mambo ya ofisini: watu wa kuajiri, mameneja, mishahara ya kila mwezi, hata utaratibu wa kumchagua mfanyakazi bora. Wachambuzi walibaini kwamba baadhi ya walioajiriwa hawakujua kuwa kazi wanayoifanya ni ya wizi.

Uchumi wa udukuzi uko hivyo, ingawa picha za magazetini bado zinatuonyesha kijana mmoja aliyejifunika kofia gizani. Ni biashara yenye mgawanyo wa kazi. Mmoja anauza nywila zilizoibwa, mwingine anaandika programu, wa tatu anavamia, wa nne anajadili bei na aliyevamiwa, wa tano anatafuta namna ya kuzigeuza fedha ziwe halali. Conti walikuwa wakinakili data za shirika, wakizifunga, kisha wakidai kikombozi. Walipoigeukia Costa Rica mwaka huohuo, wizara ya fedha ya nchi hiyo ilikwama na rais akatangaza hali ya dharura mwezi Mei.

Kundi jingine, LockBit, lilienda mbele zaidi: lilikodisha programu yake. Mwenye programu aliweka mitambo na tovuti ya kudaia, wavamizi wakajitafutia wahanga wenyewe, na kila kikombozi kilipolipwa asilimia 20 ilikwenda kwa mwenye mali. Mwenye daladala anayesubiri hesabu jioni angeuelewa mfumo huu bila kufundishwa, isipokuwa hapa dereva ndiye anayebaki na fungu kubwa. Mei 2024 Marekani na Uingereza zilimtaja mwenye mali huyo kuwa ni Mrusi, Dmitry Khoroshev. Waendesha mashtaka wanadai kundi lilivuna dola milioni 500 au zaidi, na fungu lake yeye lilifika milioni 100.

Afrika Mashariki nayo imo sokoni. Julai 2023 mfumo wa eCitizen, ambao Wakenya hupitia kupata huduma za serikali kuanzia pasipoti hadi leseni, ulielemewa na maombi ya bandia yaliyomiminwa kwa makusudi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitapa kuhusika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, na pengine data haikuwa lengo. Hati ya mashtaka iliyowekwa wazi Marekani Oktoba 2024 dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan inadai kwamba chombo walichotumia kilikuwa pia kikiuzwa kwa wateja wengine. Kwa muuzaji wa silaha ya aina hiyo, kuiyumbisha huduma inayotegemewa na nchi nzima ni tangazo ambalo halilipiwi.

Hiyo ni biashara ya jumla. Ile ya rejareja kila mwenye simu anaijua: ujumbe unaokuelekeza ile hela uitume kwenye namba hii, jina litatokea la mtu usiyemjua. Hapa hakuna programu wala udukuzi wowote. Mtaji ni laini za simu, muda wa maongezi na ulimi. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mara kwa mara kwa majaribio ya utapeli wa namna hii. Malighafi inayogombewa ni laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wakala wa mtaani anamwambia mteja kidole hakijasoma vizuri, weka tena. Kidole cha pili kinasajili laini ya pili, ambayo mwenye kitambulisho hataiona kamwe. Anayebonyeza *106# ndiye anayegundua kwamba anamiliki namba asizozijua. Wakala huyo analipwa kamisheni kwa idadi ya laini, hivyo kishawishi kimo ndani ya ajira yenyewe.

Wizi mkubwa nao hurudi kwenye laini hizohizo. Oktoba 2020 wezi waliingia kwenye mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiunganisha benki na pesa za simu nchini Uganda, na huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikasitishwa. Kuzitoa fedha kulihitaji laini zipatazo 2,000. Hata walioingia Benki Kuu ya Bangladesh Februari 2016, ambao Marekani inawahusisha na Korea Kaskazini, waliagiza malipo ya karibu dola bilioni moja na wakafanikiwa kuzipitisha milioni 81 tu kwenye kasino za Ufilipino. Kuingia si kazi kubwa kama kutoka.

Mara nyingine hakuna hata haja ya kuingia. Novemba 2024 serikali ya Uganda ilikiri kwamba fedha zimechotwa kwenye akaunti zake Benki Kuu, na habari za mwanzo zilikuwa za wadukuzi. Februari 2025 waliosimama kizimbani walikuwa maofisa wa wizara ya fedha. Hatia ni ya mahakama kuamua, lakini swali la hatari ya ndani linabaki: bodi ya shirika inayonunua mitambo ya ulinzi huku mafundi wa mkataba wakibaki na nywila zao miezi baada ya kuondoka, inajua pesa yake inalinda nini?

Ngazi ya chini kabisa ya biashara hii ina watu wasiolipwa chochote. Vijana wa Kenya na Uganda wameitikia matangazo ya kazi za huduma kwa wateja Thailand wakajikuta Myanmar, wamenyang'anywa pasipoti, wanalazimishwa kutongoza wageni mtandaoni ili wawauzie uwekezaji hewa. Agosti 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria watu wasiopungua 120,000 wameshikiliwa katika kambi za namna hiyo nchini humo.

Na hasara? Kwenye pesa za simu, muamala uliothibitishwa kwa namba ya siri kwa kawaida huhesabiwa ni wa mteja, hata kama alidanganywa. Uingereza imechukua njia nyingine. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe anaweza kurudishiwa hadi pauni 85,000, nusu ikitoka kwa taasisi iliyotuma na nusu kwa ile iliyopokea. Mitandao yetu ya simu ikitwishwa nusu ya hasara kwa kila laini ya wizi inayopokea fedha, naamini kamisheni ya wakala itaanza kuhesabiwa upya ndani ya robo mwaka.